Aliyeandikwa wa Pili

Ti. Ti-ti. Kimya. Ti.

Otilia alifumbua macho gizani, asijitikise. Sauti ilitoka sebuleni, nyuma ya pazia la chumba chao, ndogo kama ya panya anayetafuna punje ya mahindi. Lakini panya hatafuni kwa mpango, na hii ilikuwa na mpango wake: ti-ti, kisha kimya cha mtu anayewaza, kisha ti moja ya mtu aliyekata shauri. Alinyoosha mkono kwenye upande wa mumewe. Shuka lilikuwa limeshapoa. Na Juni ya Sumbawanga haimtoi mtu kwenye blanketi alfajiri bila sababu nzito.

Hii ilikuwa asubuhi ya tisa mfululizo. Alikuwa akizihesabu.

"Leo nakupata," Mayunga alinong'ona huko nje ya pazia, kwa sauti ile ya chini yenye kicheko ndani yake, sauti ambayo Otilia aliamini iliumbwa kwa ajili ya sikio lake peke yake. "Leo hunitoki, mama."

Otilia aliuma ncha ya blanketi.

Walikuwa wamekutana kwa namba, hawa wawili. Kwenye darasa la masomo ya jioni pale Kizwite, chini ya taa moja iliyopepesa, Mayunga alikuwa akikaa dawati la nyuma, kijana mrefu wa Kisukuma ambaye ukoo wake ulihamia Rukwa na ng'ombe zao, na mchana alikuwa mshika mizani kwa wanunuzi wa mahindi. Jioni moja, mwalimu akiwa amelipa mgongo darasa, kipande cha gazeti kilipita kutoka dawati hadi dawati mpaka kikafika mbele ya Otilia. Gazeti lenyewe lilikuwa la juzi, maana magazeti ya Sumbawanga yalikuwa yakifika yamechoka safari. Katikati yake palikuwa na mraba wa vyumba vidogo, tisa kwa tisa, baadhi vina namba na vingi vitupu. Mstari wa juu ulikuwa umejazwa kwa wino wa bluu. Pembeni pameandikwa: *Wa pili ni wako.*

Otilia aliujaza wa pili kwa kalamu nyekundu, akaurudisha. Tangu siku hiyo wakawa hivyo, mstari kwa mstari, bluu na nyekundu, hadi mraba ukatimia. Siku moja njiani, wakirudi nyumbani na upepo ukiwasukuma migongoni, Mayunga alimweleza kanuni ya mchezo ule kana kwamba Otilia hakuijua: katika mstari mmoja, namba hairudiwi. Kila moja ina kiti chake, na kiti hakigawanywi.

"Na kwenu je?" Otilia alimuuliza. "Baba yako si ana wake watatu?"

"Baba ni baba. Mimi mstari wangu una moja tu."

Alicheka, akamwamini. Mama yake, Bertilla, hakucheka wala hakuamini. Mama huyo alikuwa mkulima wa ulezi kule Namanyere, mtu wa kanisa asiyekosa misa, na siku washenga walipofika alisema waziwazi kwamba hana ugomvi na ng'ombe zao, ana ugomvi na hesabu yao ya wake. Posa iliponea chupuchupu. Mayunga alisimama mbele ya wajomba, macho chini kama inavyompasa mkwe, akaahidi mambo mawili: binti yao hatakuwa na mke mwenza, na kwake hatapewa mtumba. Wajomba waliguna kuhusu la kwanza, wakacheka kuhusu la pili. Ndoa ikafungwa. Rozina akazaliwa. Miraba ya magazeti ikaendelea kubandikwa kwenye daftari kubwa lililokaa juu ya redio.

Kisha, mwezi wa nne, Mayunga akarudi kutoka kwenye mizani yake kule Laela na simu ya mkononi.

Mpya kabisa, alisema, ya dukani. Ina hata mchezo wa namba ndani yake. Otilia aliifurahia kwa siku mbili. Siku ya tatu alibandika mraba mpya kwenye daftari, akaujaza mstari wake kwa nyekundu, akaliacha daftari mezani. Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Mstari wa bluu haukuja. Mayunga alisema karatasi ni kazi ya kizamani, mtu unafuta hadi inatoboka. Lakini hata hiyo simu hakumpa aishike. Usiku ililala chini ya mto wake, mchana ilikwenda naye Laela, na alfajiri ndiyo hii: ti-ti, na kicheko, na "leo nakupata."

Mwanga ulipoanza kuingia kwenye nyufa za dirisha, Mayunga alivuta pumzi ndefu ya mtu aliyeshindwa. Otilia alimsikia akichukua ndoo na kutoka kwenda kuoga. Mlango wa nyuma ukalia. Na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne, simu ilibaki.

Alitoka kitandani bila kandambili. Ilikuwa juu ya kochi, uso wake bado unang'aa kijani. Hakuwa amejua atatafuta nini, na hakuhitaji kutafuta. Kilikuwa pale.

Namba moja: HERIETH. Namba mbili: OTILIA. Tatu, OTILIA. Nne, OTILIA. Tano, OTILIA. Na mbele ya kila jina palikuwa na saa. Herieth, 11:20. Otilia wa kwanza chini yake, 11:52.

Alisoma mara ya pili kama mtu anayesoma barua ya msiba. Saa tano na dakika ishirini asubuhi, Mayunga huwa Laela kwenye mizani. Hiyo ni ya Herieth. Na hiyo nyingine iliyo mbele ya jina lake, saa ambayo yeye huwa peke yake jikoni na hajawahi kumwona mumewe nyumbani? Mwanamke aliyepata alama nzuri ya hesabu kwenye masomo ya jioni angeliona kwamba hapo pana jambo halikai sawa. Lakini mashaka hayakai chini yakafanya hesabu. Otilia aliona kitu kimoja tu: yeye ni wa pili. Hata angeandikwa mara mia, zote zingekuwa chini ya yule.

"Umeona nini?"

Mama yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha mtoto, amejifunga kitenge kifuani. Alikuwa amefika juzi, kuwaletea unga wa ulezi na kumwona mjukuu. Otilia hakutaka kumwambia, na akamwambia. Bertilla hakujua kusoma, kwa hiyo akaomba asomewe polepole, jina kwa jina, na binti yake alipofika kwenye OTILIA ya nne, mama akatikisa kichwa kama daktari aliyeuona ugonjwa anaoujua.

"Hiyo ni zamu," alisema. "Wenye wake wengi hupanga zamu. Huyo Herieth ni mke mkubwa, na wewe ndiye uliyefuata."

"Mama, tulifunga ndoa kanisani."

"Wewe ulifunga. Mimi najua yeye alifunga na nani kabla yako?"

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alisema basi la Namanyere hujaza na kuondoka saa mbili. Hasemi mtu avunje ndoa. Anasema tu binti yake akapumzike nyumbani, na mwanaume, kama ana maneno, atakuja kuyasema mbele ya wajomba walewale aliowaahidi. Kisha akaingia chumbani kumvalisha Rozina sweta na viatu.

Otilia alibaki ameshika simu. Alilitazama daftari juu ya redio, vumbi limelitandia utando. Alijaribu kumwona huyo Herieth. Alimwona mweupe, mnene wa wastani, mwenye kucheka kwa urahisi, na kila alipojaribu kumwongezea kasoro, kasoro ilikataa kukaa.

Mayunga aliingia na ndoo mkononi, mvuke ukimtoka mabegani kwa baridi. Akaona kwanza kikapu cha mkwewe kilichofungwa kamba. Akamwona Rozina amevaa viatu vya Jumapili siku isiyo Jumapili. Akainamisha macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Bertilla, akitazama ukuta.

Otilia aliiweka simu mezani, uso wake juu. "Baba Rozina. Herieth ni nani?"

Mtu asiye na hatia hujibu upesi, au ndivyo Otilia alivyowahi kusikia. Mayunga hakujibu upesi. Aliitua ndoo chini kwa uangalifu mno, akajifuta mikono kwenye suruali ambayo nayo ilikuwa imelowa, na uso wake ukaporomoka kama gunia lililokatwa mshono.

"Umeiona," alisema.

"Nimeiona. Na mama nimemsomea."

"Mungu wangu." Akakaa kwenye kigoda. "Nilikuwa nimebakiza mmoja tu."

Bertilla aliguna. Otilia aliendelea kusimama, kwa kuwa akikaa angelia, na hakutaka kulia mbele ya mtoto. Akamwambia aseme yote, na aseme sasa, maana basi halisubiri mtu.

Basi Mayunga akasema. Herieth ni karani kwenye ghala la nafaka kule Laela. Ndiye aliyekuwa mwenye simu. Alinunua nyingine, akaiuza hii, naye Mayunga akainunua kwake, siyo dukani. Alidanganya. Na hakuinunua awe nayo yeye. Alitaka kumpa Otilia siku ya ukumbusho wa ndoa yao, mwezi ujao, awe na simu yake kama wake wengine wa mjini, ampigie hata mama yake kupitia kwa jirani kule Namanyere. Lakini alipoufungua mchezo wa namba, akakuta umehifadhi majina ya waliomaliza mraba kwa dakika chache zaidi. Yalikuwa matano, na yote Herieth. Akampelekea fundi wa simu kule stendi. Fundi akasema akiyafuta majina, na mchezo wenyewe utaondoka. Njia iliyobaki ni moja: kuyashinda.

"Nilisimama mbele ya wajomba nikasema hutapewa mtumba," alisema, bado anatazama sakafu. "Ningekupaje kitu chenye jina la mwanamke mwingine juu yake? Kila alfajiri nacheza. Nikimshinda mahali, naandika jina lako. Nimemtoa kwenye ya tano, ya nne, ya tatu, ya pili. Huyo wa juu ana vidole kama cherehani."

"Na hizo saa?"

"Siyo saa. Ni dakika. Dakika kumi na moja na sekunde ishirini."

Nje mtu alipita akisukuma baiskeli yenye mnyororo unaolia. Otilia aliitaka hadithi ile iwe kweli kiasi kwamba aliiogopa. Ilikuwa tamu mno, imekaa vizuri mno, na mtu aliyekaa miezi miwili na uongo mmoja anaweza kutengeneza wa pili wakati anaoga.

"Mchezo gani unaandika majina ya watu?" alisema Bertilla. "Mwanangu, chukua mtoto."

"Mama, ngoja kidogo." Otilia alimgeukia mumewe. "Unasema mtu akimshinda, jina linashuka."

"Linashuka."

"Nilione likishuka. Lisiposhuka, usitufuate hata stendi."

Mayunga aliinua macho kwa mara ya kwanza, na macho yale yalipokutana na ya Otilia, moyo wake ulimsaliti kidogo, kama unavyofanya siku zote. Lakini akayashikilia yake yasilainike. Mayunga akasema chaji imebaki kijiti kimoja, na umeme umekatika tangu jana. Inatosha mara moja tu. Na yeye mwenyewe ameshindwa asubuhi tisa.

"Wewe umeshindwa," alisema Otilia. "Mimi sijacheza."

Alilishusha daftari, akalipangusa vumbi kwa kiganja. Akaufungua ukurasa wenye ule mraba uliomngojea mume tangu mwezi wa nne, akaupita. Akachukua ukurasa mtupu, akachora mistari upesi kwa kalamu nyekundu, tisa kwa tisa, bila rula.

"Nisomee," alisema. "Mimi nitaona kwenye karatasi, wewe utabonyeza."

Ti. Mchezo ukaanza, na dakika zikaanza kukimbia pembeni ya kioo. Mayunga alisoma, yeye akaandika. Mstari wa kwanza, tano, nafasi, nafasi, mbili. Ilipita dakika moja na nusu kuhamisha tu, na Bertilla akauliza jua lina haraka au wao ndio hawana. Rozina alipanda juu ya kochi na viatu vyake vya Jumapili, akachungulia katikati ya vichwa viwili.

"Saba, mstari wa tatu, mwisho," alisema Otilia.

Ti.

"Moja chini yake. Hapana, chini ya hapo."

Ti-ti.

Ilimrudia, ile miguu ya namba ikitembea kichwani. Na kitu kingine kilimrudia, ambacho hakukiita: bega la mumewe karibu na lake, harufu ya sabuni ya mche, pumzi yake inayokatika kila anaposubiri neno kutoka kwake. Hivi ndivyo walivyokuwa wakikaa. Alijikemea. Bado hajajua kama anakaa na mume wake au na mume wa Herieth.

Katikati wakakwama. Vyumba viwili vilibishana, nne au tisa, tisa au nne, na kila kitu kingine kilivingojea hivyo.

"Hapa ndipo ninapokufaga," Mayunga alinong'ona. "Nabahatisha. Ukikosea inapiga kelele na kukuongezea dakika nzima."

"Usibonyeze."

"Dakika ya nane, Mama Rozina."

"Nimesema usibonyeze."

Aliandika nne ndogo kwenye kona ya chumba kimoja, na tisa ndogo kwenye kona nyingine, hafifu, kama mtu anayesema labda. Hilo simu haikulijua. Simu ilitaka jibu au makosa. Karatasi ilimruhusu mtu akae na mashaka yake pembeni, ayatazame yote mawili, asubiri yapi yatabaki. Akatazama chini ya mstari. Akatazama kulia. Huko kulikuwa na nne tayari, imekaa kwenye kiti chake tangu mwanzo, naye hakuwa ameiona.

"Tisa," alisema. "Hapa ni tisa. Pale ni nne. Sasa bonyeza usisimame: mbili, sita, nane. Mstari wa mwisho, moja, tatu, tano."

Vidole vya Mayunga vilikimbia. Ti-ti-ti-ti. Simu ikalia mlio wa kuonya kwamba chaji inaisha, na Otilia, bila kujua, akamshika mkono juu ya kifundo. Nane. Ti. Tatu. Ti. Ya mwisho kabisa.

Kioo kikazima.

Kisha kikawaka tena, kijani, na mstari mmoja mweusi ukipepesa, ukimngoja mtu. Kilikuwa kinauliza jina.

Mayunga alimwelekezea simu ili aone mwenyewe. "Niandike nani?"

Otilia alimtazama mama yake. Bertilla alikuwa amesogea bila kusikika, kikapu kimebaki peke yake mlangoni, naye ameinamia kioo ambacho hakuweza kukisoma.

"Andika unayeandikaga," alisema Otilia. "Na Jumamosi tunakwenda wote Laela. Nataka nimwone huyo mwenye vidole kama cherehani, nimwamkie, anieleze aliuza simu kwa nani."

"Twende," alisema Mayunga, upesi sana, upesi wa mtu asiye na hatia. "Hata mama aje."

Akaandika herufi moja moja, polepole, kwa kuwa alitaka zionekane. Akabonyeza. Majina yakayumba juu ya kioo, yakapangika upya, na kijiti cha mwisho cha chaji kikaanza kupepesa.

Bertilla alinyoosha kidole kuelekea juu kabisa ya orodha. Hakumuuliza mkwewe, kwa sababu mkwe angeweza kusema lolote. Hakumuuliza binti yake, kwa sababu macho ya binti yake yalikuwa yamejaa maji na hayafai kwa ushahidi. Alimgeukia mjukuu wake, ambaye mwaka ule chekechea walikuwa wamemfundisha namba hadi kumi, na ambaye jina la mama yake alilijua kwa kulitazama, kwa vile lilikuwa limeandikwa kwa nyekundu juu ya jalada la daftari tangu hajazaliwa. Akamwambia asome, asiongeze wala asipunguze.

Rozina alilitazama jalada la daftari. Akaitazama simu. Akarudi kwenye daftari, akahakikisha.

"Mama ni wa kwanza," alisema.